Anaanguka alfajiri: uchambuzi wa kisa cha bibi aliyeandikiwa "uzee"

Kisa hiki kinatoka katika hospitali ya wilaya, pwani ya kaskazini ya Tanzania. Jina, kijiji na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mgonjwa au watu wake nimeyaondoa au kuyabadili. Nawaandikia waganga, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaowapokea wazee kila siku, pamoja na familia zinazowalea. Mimi ni daktari wa wodi aliyolazwa bibi huyu, na kosa moja la mapema katika kisa hiki lina mwandiko wangu.

Usuli

Bibi alikuwa anakaribia miaka 80. Cheti cha kuzaliwa hana. Umri tuliukadiria kwa kumbukumbu yake kwamba mwaka wa Uhuru, 1961, alikuwa mwali wa ndani, hajaolewa. Anaishi na mkamwana wake na wajukuu watatu. Mwanawe ni dereva wa lori na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Binti yake mkubwa yuko Dar es Salaam. Hutuma pesa, na neno lake ndilo linalofuatwa nyumbani. Mkamwana hukaanga vitumbua kuanzia saa kumi alfajiri, huondoka kabla ya saa kumi na mbili kwenda kuviuza stendi, na hurudi saa tatu asubuhi. Habari ya vitumbua haikuwamo katika daftari lolote la hospitali, ilhali bila hiyo kisa chote hakieleweki.

Alikuwa na kisukari kwa miaka 9, presha kwa miaka 12, na magoti yanayouma. Siku tunamlaza alikuwa anatumia dawa sita: glibenklamidi na metfomini za sukari, asubuhi na jioni, amlodipini na bendrofluazidi za presha, amitriptilini usiku kwa ajili ya miguu inayowaka moto, na diklofenaki ya magoti, ambayo hakuandikiwa na mtu. Hiyo ya mwisho mjukuu alikuwa akitumwa duka la dawa kununua vidonge vinne vinne.

Ziara tatu kabla ya kulazwa

Ndani ya miezi mitano bibi aliletwa kwetu mara tatu, na kila mara aliondoka na dawa zaidi ya alizokuja nazo.

Mara ya kwanza alilalamika kizunguzungu. Presha ilikuwa 158/84, ikapimwa akiwa amekaa, dakika chache baada ya kutembea kutoka stendi. Amlodipini ikapandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Hakuna aliyempima akiwa amesimama, ingawa kizunguzungu chenyewe alisema humjia akiinuka.

Mara ya pili alinikuta mimi. Mkamwana alisema: "Dokta, mama hana nguvu, hali chakula, anasahau, asubuhi nyingine anaongea maneno hayaeleweki." Nilipima malaria, hakuna. Damu ilikuwa gramu 9.8. Foleni ya dirisha la wazee siku hiyo ilifika hadi kwenye mwembe wa nje. Niliandika "udhaifu wa uzee", nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikamwambia mkamwana amlishe vizuri. Neno "asubuhi" nililisikia na sikuliulizia.

Mara ya tatu alionwa na kijana wetu mmoja, afisa tabibu mwenye bidii. Miguu inawaka, usingizi haupo. Akampa amitriptilini miligramu 25. Kwa kuwa familia ilitaja kusahau, alimfanyia kipimo cha akili kilichotafsiriwa: tarehe ya leo, mwaka, kutoa saba kutoka mia na kuendelea kutoa. Bibi alishindwa karibu vyote. Daftari likaandikwa "dimenshia", ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Katika kadi yake ya kliniki ya kisukari uzito ulikuwa umeandikwa kila ziara, kwa kalamu tofauti na mikono tofauti: 52, 50, 47, 44. Kila aliyeandika aliandika namba yake na kufunga kadi, na hakuna aliyezisoma kuanzia juu kushuka chini.

Kulazwa, na usiku wa pili

Aliletwa saa nne asubuhi, akiwa na uvimbe juu ya jicho la kulia. Ameanguka uani. Mkamwana alisema ni mara ya kwanza. Mjukuu wa miaka kumi, ambaye hulala kitanda kimoja na bibi, akasema kwa sauti ndogo: "Mara ya nne, tangu Idi kubwa." Mama yake akamtazama kwa mshangao. Zile tatu za mwanzo bibi alimwambia mtoto asiseme.

Sukari ilikuwa 7.1. Presha, akiwa amekaa, 132/78. Hana homa, shingo na nyonga ziko salama, viungo vyote vinacheza sawa pande mbili. Mkojo ulionyesha chembe chache za usaha. Tulimlaza kumwangalia kwa sababu ya jeraha la kichwa, tukaendeleza dawa zake zote kama zilivyoandikwa kwenye kadi.

Usiku wa pili, saa kumi alfajiri, muuguzi wa zamu alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni limelowa jasho, anamwita dada yake aliyefariki zamani. Mgonjwa wa kitanda cha pili alisema, "Huyo ndivyo alivyo, amechanganyikiwa." Muuguzi hakuliridhia jibu hilo. Alimchoma kidole. Sukari: 2.7, chini mno.

Alimpa maji ya sukari kwa kuwa bado aliweza kumeza, kisha akafungua mshipa na kumpa glukosi. Haikupita robo saa, bibi akatazama huku na huku, akauliza: "Wameshaadhini?"

Chakula cha jioni wodini kilikuwa ugali na maharage. Sahani yake ilirudi kama ilivyokwenda. Glibenklamidi tulimpa vilevile saa kumi na mbili jioni, kwa sababu imeandikwa. Kile kilichokuwa kikimtokea nyumbani tulikirudia wenyewe, wodini, mbele ya macho yetu. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba safari hii alikuwapo mtu mwenye kipimo mkononi saa kumi alfajiri.

Kuanza upya: tathmini tuliyopaswa kuifanya mapema

Asubuhi hiyo mimi, muuguzi yule, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na afisa ustawi wa jamii tulikaa kumwangalia bibi upya, kuanzia kichwani hadi mlangoni kwake. Sitaeleza kila kitu. Mengine yalikuwa ya kawaida. Nitakaa kwenye yale yaliyogeuza mambo.

Tulianza na masikio, kwa kuwa muuguzi aligundua kwamba bibi hujibu vizuri mtu akiwa upande wa kushoto na bila barakoa. Sikio la kulia lilikuwa limezibwa kabisa na nta, la kushoto nusu. Tulimtia matone ya mafuta siku tatu, kisha tukasafisha kwa maji ya uvuguvugu. Baada ya hapo nilimwamkia, "Shikamoo bibi," kwa sauti yangu ya kawaida, naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, leo husemi kwa kunong'ona." Miezi mitano tulikuwa tunamhoji mtu asiyetusikia, na tulihesabu kimya chake kuwa ni kusahau.

Kisha kumbukumbu. Bibi hakusoma shule. Alisoma chuo cha Kurani. Nilipomuuliza tarehe, alisema haijui. Nilipomuuliza tuko mwezi gani, alijibu bila kusita: "Mfungo Tano. Mwezi ujao Maulidi." Ilikuwa kweli, kwa hesabu ya pwani ya miezi ya Kiislamu tangu Ramadhani iishe. Nilifungua daftari la ziara ya tatu, nikakuta kijana wetu, ambaye kwao ni bara, ameandika: "Mwezi: anataja kitu kisichoeleweka." Tulimpima tena kwa kipimo cha IDEA, kilichobuniwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee wasiosoma; humo kuna kutaja wanyama, kukumbuka maneno, na kupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano. Alipata 9 kati ya 15. Si alama ya mtu mzima kabisa wa kumbukumbu, wala si ile picha iliyokuwa daftarini. Tuliandika tutarudia baada ya miezi mitatu, kwa kuwa akili iliyotoka kwenye sukari ya 2.7 juzi haihukumiwi leo.

Presha tulimpima amelala, kisha amesimama dakika moja, kisha dakika tatu. Kutoka 132/78 ilishuka hadi 104/66, akashika mkono wangu akasema dunia inazunguka. Kushuka kwa 20 au zaidi ile namba ya juu, au 10 ya chini, ndani ya dakika tatu za kusimama kunatosha kuitwa presha ya kushuka kwa kuinuka. Yeye alizipita zote mbili.

Figo. Kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, ilikuwa 118, namba ambayo kwa haraka mtu huiona imepanda kidogo tu. Lakini ukiihesabu pamoja na umri wake na uzito wa kilo 43, figo zilikuwa zinachuja kama mililita 23 kwa dakika. Mwili mkavu usio na misuli hutengeneza kreatinini kidogo, hivyo namba hudanganya. Kwa figo za kiwango hicho metfomini haifai, na glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu ikiendelea kuteremsha sukari.

Mwendo tuliupima kwa njia rahisi: tepu mbili sakafuni zilizoachana mita tatu, kiti, na saa. Inuka, tembea, geuka, rudi, kaa. Alitumia sekunde 34, mkono mmoja ukiwa ukutani. Kugeuka ndiko kulikomshinda. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, la kushoto zaidi. Meno ya kutafunia yamebaki mawili, na hayakutani.

Suala la mkojo hakulisema mbele yangu. Alilisema kwa muuguzi, usiku, wakiwa wawili. Humtoka njiani kabla hajafika chooni. Kwa hiyo tangu adhuhuri hanywi maji, asije akaamka usiku. Bendrofluazidi inamtoa maji, yeye anajinyima maji, na sisi tunashangaa presha inashuka akisimama.

Kwa kipimo cha Rockwood cha udhoofu wa uzeeni, kilichoanza mwaka 2005 na sasa kina ngazi tisa, tulimweka ngazi ya 6: anahitaji msaada wa kuoga na hatoki nje peke yake. Kosa linalofanyika sana ni kumpanga mzee kwa hali ya siku aliyolazwa. Ngazi hupangwa kwa hali ya wiki mbili kabla ya ugonjwa wa ghafla. Hilo lilitulazimu kumuuliza mjukuu na mkamwana kwa kina, kila mmoja peke yake. Mtoto ndiye aliyejua mambo ya usiku.

Mwisho, muuguzi alimuuliza anataka nini. Nilitegemea aseme miguu au macho. Alisema: "Nataka nijiogeshe mwenyewe. Mkamwana wangu ni mtoto mwema, lakini kuvuliwa nguo na mke wa mwanangu ni jambo zito." Hilo tuliliandika juu kabisa ya karatasi.

Nyumbani

Siku ya tano, kabla ya kumruhusu, mimi na mhudumu wa afya wa kijiji tulikwenda nyumbani na mkamwana. Nenda, ukaone.

Kitanda ni cha kamba, kimelegea katikati, hata mimi niliinuka kwa kujisukuma. Kizingiti cha mlango wa nyuma kinafika nusu ya muundi. Kutoka hapo hadi chooni nilihesabu hatua zangu 31, juu ya mchanga, kisha jiwe la kuogea lililofanya ukungu. Taa ya uani haipo. Kopo la maziwa la zamani lilikuwa na vidonge vyake vyote, bahasha zimeshachanika, maandishi ya "1x2" yamefutika. Bibi huvitambua kwa kupapasa.

Nikamuuliza mkamwana dawa za asubuhi anampa saa ngapi. "Kabla sijatoka," alisema. "Saa kumi na moja na nusu. Nikisubiri nirudi nitasahau." Na chai? "Nikirudi. Saa tatu."

Saa tatu na nusu nzima kati ya kidonge cha sukari na tonge la kwanza. Na jioni, kidonge saa ya magharibi, chakula ni ugali au wali mkavu usiotafunika, ambao bibi humsogezea mjukuu. Hapo ndipo kila kitu kilipokutana: sukari iko chini kwa dawa ya usiku, mwili umekauka, dawa mbili za presha na amitriptilini zinaishusha presha akiinuka, macho hayaoni, giza, kizingiti, jiwe la ukungu, naye anakwenda kutawadha kwa ajili ya Alfajiri huku mtu pekee mwenye nguvu nyumbani ameshaondoka. Tulipokuwa tukimpima hospitali saa nne, alikuwa ameshakunywa chai ya sukari saa moja kabla. Sukari ya 7.1 ilikuwa ya chai.

Maamuzi na sababu zake

Glibenklamidi tuliisimamisha alfajiri ileile ya 2.7, na tukampima sukari kila saa nne kwa siku mbili, kwa sababu dawa hii huweza kumshusha mtu sukari tena hata baada ya kupewa glukosi. Metfomini pia tukaiondoa. Sukari yake bila dawa yoyote ilikaa kati ya 7.8 na 10.4 asubuhi. Mwenzetu mmoja aliona tunamwacha bila tiba. Hoja yangu ilikuwa kwamba bibi wa kilo 43 hataumizwa na sukari ya 10 mwaka huu, bali ataumizwa na sukari ya 2.7 usiku wa leo.

Bendrofluazidi tuliiondoa, amlodipini tukairudisha miligramu 5, amitriptilini tukaisimamisha. Diklofenaki tulimweleza bibi mwenyewe, si mkamwana, kwamba inamla figo, tukaweka parasetamo kwa saa maalumu. Kwa miguu inayowaka tulimchoma sindano za vitamini B12: kipimo chake hatuna, lakini miaka 9 ya metfomini inajulikana kupunguza vitamini hiyo, na sindano haina madhara ya kuogopwa.

Chembe za usaha kwenye mkojo hatukuzitibu. Hili lilileta mjadala mrefu wodini. Hana homa, hana maumivu, kutokwa mkojo ni kwa miezi mingi. Wanawake wengi wazee hukutwa na vijidudu kwenye mkojo bila kuumwa, na antibayotiki zisizo na sababu humharishia mtu dhaifu ambaye maji tayari hayamtoshi.

Chakula tulikipanga kwa meno yake na kwa saa za nyumba hiyo. Uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa unapikwa usiku na kuwekwa kwenye chupa ya chai kando ya kitanda, anakunywa akiamka. Vitumbua viwili vya kwanza ni vyake, alivyotaka mkamwana mwenyewe. Samaki wa kuchambuliwa, mchicha wa nazi, ndizi za kupondwa. Maji anywe asubuhi hadi alasiri, apunguze jioni, si tangu adhuhuri.

Usiku atumie ndoo yenye mfuniko chumbani, na maji ya kutawadha yawekwe humohumo kwenye birika. Kuswali, alikubali kukaa kwenye kiti kwa Alfajiri tu. Swala nyingine atasimama, na hatukubishana naye.

Tulimpa pia kitembezi cha chuma cha miguu minne. Na tulifanya kikao cha familia: mimi, afisa ustawi wa jamii, mwanawe aliyekuwa amerudi, na binti wa Dar es Salaam kwenye simu. Tulikubaliana mkamwana aache biashara ya vitumbua akae na mama, na binti aongeze pesa ya matumizi. Mkamwana alikuwapo chumbani. Alikuwa anamimina chai.

Matokeo

Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Hakuna maneno yasiyoeleweka asubuhi, hakuna kuanguka.

Wiki ya nne mhudumu wa afya wa kijiji alinipigia simu. Mkamwana ameondoka kwao, yuko huko siku sita. Pesa ya binti ilikuja mwezi mmoja, nusu. Ile ya vitumbua ndiyo iliyokuwa ikilipa daftari za watoto, mafuta ya kula na hata nauli za kliniki, na sisi tuliikata kwa maneno ya dakika kumi. Bibi alikuwa na mjukuu wa miaka kumi, ambaye hakwenda shule siku hizo. Alianguka tena, safari hii mchana, akibeba ndoo. Alipata michubuko tu.

Kitembezi nilikikuta ukutani kimeanikwa kanga. Hakivuki kizingiti, na mchangani kinazama.

Tukafanya kikao cha pili, kwa mkamwana kwanza, peke yake na muuguzi. Alisema mgongo unamuuma tangu uzazi wa mwisho, kwamba hana kinyongo na mama mkwe, kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza anaweza nini. Aliyoyapendekeza ndiyo yaliyofuatwa. Vitumbua vinaendelea, lakini jirani, mjane anayeamka mapema, huja saa kumi na mbili kukaa na bibi hadi saa tatu, na analipwa vitumbua na pesa kidogo kutoka kwa binti. Mwana akatengeneza ngazi moja ya tofali kila upande wa kizingiti na kufunga kamba ya kushikilia hadi bafuni, akasugua jiwe la kuogea, akaweka kigoda juu yake. Badala ya kitembezi, mkongojo wa mti uliokatwa kwa kipimo cha kifundo cha mkono akiwa amesimama. Kwa kigoda hicho na kata ya mpini mrefu, bibi anajiogesha. Mkamwana humsugua mgongo tu, akiitwa.

Baada ya miezi mitatu: kilo 46, kreatinini 97, presha amesimama 128/74 bila kizunguzungu, sekunde 21 kwenye tepu zetu. Ngazi ya udhoofu ni 5. Amekwenda Maulidi, akakaa mstari wa nyuma kwenye kiti. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwezi wa nne tangu atoke wodini, baada ya rufaa mbili kupita kwa kukosa mtu wa kumsindikiza.

Kipimo cha IDEA tulipokirudia alipata 10. Lakini mjukuu anasema bibi humsimulia hadithi moja mara tatu kwa jioni moja, na mkamwana anakumbuka hali hiyo ilianza kama miaka miwili iliyopita, kabla ya mambo haya yote.

Uchambuzi

Kipimo cha sukari cha alfajiri ndicho kilichookoa maisha, na kilifanywa na muuguzi aliyekataa kusikia kwamba "ndivyo alivyo". Mzee anayetumia dawa ya kuteremsha sukari akibadilika akili, au akianguka, apimwe saa ileile tatizo linapotokea. Kipimo cha saa nne asubuhi hakijibu swali la saa kumi alfajiri. Pale ambapo hakuna kipimo nyumbani, uliza saa ya kidonge na saa ya chakula, zote mbili, kwa mtu anayevitoa.

Dawa. Ziara tatu, malalamiko matatu, na kila moja likapata kidonge chake. Kizunguzungu kiliongezewa dawa inayozidisha kizunguzungu. Usingizi ukaongezewa dawa inayoshusha presha na kuchanganya akili za wazee. Nimejifunza kuuliza kwanza, kwa kila lalamiko jipya la mzee, kama limeletwa na kitu tulichompa sisi. Na dawa ziletwe mezani, kopo zima, pamoja na za dukani, kwa maana diklofenaki haikuwa kwenye kadi yoyote.

Neno "uzee". Mwaka 1935 Dk. Marjory Warren alipokabidhiwa wodi za wagonjwa wa muda mrefu katika hospitali ya West Middlesex, Uingereza, aliwakuta wazee wamelazwa bila utambuzi wa maana, akaanza kumpima mmoja mmoja: anaumwa nini, anaweza nini, anahitaji nini ili ainuke. Wengi waliinuka. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa huduma kwa wazee mwaka 2017 lilikazia mwendo, lishe, kuona, kusikia, kumbukumbu na hali ya hisia, kama huzuni. Kwa bibi huyu matano kati ya hayo yalikuwa na kasoro, na hakuna hata moja lililohitaji mashine ya kupimia: tepu, mizani, tochi, saa, na mtu wa kukaa naye nusu saa. Nilipoandika "uzee" sikuwa nimetambua ugonjwa. Nilikuwa nimeacha kutafuta.

Hata hivyo naonya upande wa pili. Baada ya ile 2.7 tulifurahi mno, tukaanza kusema kwamba kusahau kote kulikuwa kwa dawa na masikio. Sivyo. Kumbukumbu yake inapungua kweli, taratibu, na tungemwacha bila mpango kama tusingemsikiliza mjukuu mara ya pili. Mtu mmoja anaweza kuwa na kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakotibika na kusahau kwa polepole kusikotibika, kwa pamoja, na kila kimoja kinataka kazi yake.

Kikao cha kwanza cha familia ndicho kosa linaloniuma zaidi baada ya lile la daftari. Tulimpima bibi kwa siku tano, na mlezi wake hatukumpima kwa dakika tano. Tuliwauliza wenye pesa na wenye sauti. Aliyekuwa akibeba maji, akikaanga, akimwogesha na kumpa dawa hakuwa na kiti katika kikao. Siku hizi katika karatasi yetu ya tathmini kuna sehemu ya mlezi: analala saa ngapi, anaumwa wapi, anapata riziki kwa njia gani, nani humshika mkono akichoka. Inajazwa na muuguzi, faragha, kabla ya ndugu wengine kuitwa.

Kitembezi kiliagizwa kwa sakafu ya hospitali. Kama ningekumbuka kizingiti nilichokwisha kukivuka mwenyewe, nisingekitoa.

Kijana wetu wa afisa tabibu sikumlaumu. Alifuata kipimo alichofundishwa. Tulikaa naye, akajifunza majina ya Mfungo yote, na sasa anapompima mzee wa pwani huanza na gulio, mwezi wa Kiislamu, na jina la mwenyekiti wa kijiji.

Yaliyobaki kwenye orodha ya bibi ni jicho la kushoto, meno, na mazungumzo ambayo hatujayafanya na watoto wake kuhusu miaka ijayo, kumbukumbu itakapopungua zaidi na jirani mjane naye atakapozeeka. Binti wa Dar es Salaam amesema atakuja mwezi ujao. Mkamwana ameomba kikao kiwe alasiri, baada ya vitumbua.